Huduma ya kulipia ya kutafuta ruzuku za muziki: tathmini kutoka Bagamoyo

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya mtandaoni na ya kulipia. Kazi yake ni kukusanya mahali pamoja taarifa za taasisi, mifuko na balozi zinazotoa ruzuku kwa asasi zisizogawana faida, ili mtafutaji aandike anachokihitaji na apewe orodha ya wafadhili pamoja na vigezo vyao, viwango vyao vya fedha na tarehe za mwisho za kupokea maombi. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa ziko nyingi za namna yake, zinafanana katika mambo makubwa, na ninayoyasema yatamfaa yeyote anayefikiria kujiunga na mojawapo. Mimi ni katibu wa kikundi kinachowafundisha watoto wa Dunda, Magomeni na Nianjema, hapa mjini Bagamoyo, ngoma, marimba, zeze na gitaa baada ya saa za shule. Hatuwatozi wazazi ada. Mji wetu una bahati ya kuwa na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na kwa sababu hiyo walimu wazuri wa muziki hawakosekani mitaani. Kinachokosekana ni fedha za kuwalipa posho, za kununua nyuzi na ngozi, na za kukodi chumba wakati wa masika, mazoezi yasipowezekana chini ya mwembe.

Hukumu yangu naitoa mapema. Huduma hii inajitangaza kuwa itakuonyesha watakaokupa fedha, na katika hilo, kwa kikundi kidogo cha pwani ya Tanzania, ni dhaifu. Inachokifanya vizuri ni kukuonyesha, kwa ushahidi na kwa haraka, wale ambao hawawezi kukupa hata kama andiko lako ni zuri kiasi gani. Kwa mtu asiyewahi kuandika andiko la mradi huenda faida hiyo ikaonekana ndogo. Aliyewahi kukesha wiki nzima akitafsiri katiba ya kikundi kwa Kiingereza, akichanganua bajeti na kufuatilia barua ya utambulisho kwa ajili ya mfuko ambao haukuwahi kutoa fedha nje ya nchi yake, anajua thamani ya kuambiwa mapema.

Ukiingia na kuandika kwamba unatafuta ruzuku za elimu ya muziki kwa watoto, orodha inayojitokeza ni ndefu na inafurahisha macho. Juu kabisa hukaa majina makubwa ya Marekani na Uingereza: Save The Music, iliyoanzishwa mwaka 1997, ambayo huzipatia shule za umma za Marekani ala na vifaa vya kufundishia, Mr. Holland's Opus Foundation, ya mwaka 1996, ambayo nayo hupeleka ala katika shule za nchi hiyohiyo. National Endowment for the Arts, mfuko wa serikali ya Marekani uliokuwepo tangu mwaka 1965. Na kwa upande wa Uingereza, Youth Music, iliyoundwa mwaka 1999 na kuendeshwa kwa fedha za bahati nasibu ya taifa, pamoja na PRS Foundation. Zote hizi ni taasisi halali zinazofanya kazi ya maana, na zimeundwa kwa ajili ya watoto na wanamuziki wa kwao. Save The Music ilianzishwa kwa sababu shule za Marekani zilikuwa zikifuta vipindi vya muziki kwa kukosa bajeti, na Youth Music inahusika na vijana wa England. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Ubaya uko katika namna huduma inavyozipanga taasisi hizi juu ya orodha kwa mtumiaji aliyekwisha kujaza kwamba anaishi Tanzania, kwa sababu tu neno muziki limeonekana katika maelezo yao.

Dawa yake ipo ndani ya huduma yenyewe, lakini imefichwa. Kichujio cha eneo kiko mara mbili: cha kwanza huuliza mfadhili anaishi wapi, cha pili huuliza fedha zake zinaruhusiwa kutumika wapi. Cha kwanza ndicho kinachoonekana ukurasa unapofunguka, na cha pili hakionekani mpaka ufungue sehemu ya utafutaji wa kina. Mtumiaji mgeni hujaza cha kwanza na kudhani amemaliza. Ukijaza cha pili na kuchagua Tanzania, orodha ndefu ile husinyaa na kubaki majina machache. Kwa kweli hapo ndipo kazi inapoanza, kwa kuwa majina hayo machache yanasomeka kwa siku moja na kila moja linastahili kusomwa lote.

Hata hivyo, neno Afrika lisomwe kwa uangalifu mkubwa. Mfano ulio wazi ni mpango wa utamaduni uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya pamoja na jumuiya ya nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki. Fedha zake ziligawanywa kwa kanda, na kila kanda ikapewa msimamizi wake. Kanda ya kusini ilisimamiwa kupitia Sound Connects Fund, chini ya Music In Africa Foundation yenye makao yake Johannesburg, na nchi zilizostahili zilikuwa Angola, Botswana, Eswatini, Lesotho, Malawi, Msumbiji, Namibia, Zambia na Zimbabwe. Tanzania, ingawa ni mwanachama wa SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, haikuwemo. Sisi tuliwekwa katika kanda ya mashariki, ambako fedha ziligawanywa kupitia Ignite Culture, iliyosimamiwa na HEVA Fund ya Nairobi kwa kushirikiana na British Council. Katika huduma ninayoitathmini, mifuko yote miwili imewekwa alama ya Afrika, bila neno linaloonyesha kwamba mmoja ulikuwa mlango wetu na mwingine ulikuwa mlango wa majirani. Mtu wa Bagamoyo anayejua kwamba nchi yake imo katika SADC angekuwa na kila sababu ya kupeleka andiko lake kusini.

Sasa niingie katika sehemu iliyonifanya nisijutie ada. Marekani ina sheria inayoyataka mashirika binafsi ya ufadhili, yale yanayoanzishwa na familia au tajiri mmoja na kuishi kwa faida ya uwekezaji, yatoe kila mwaka kiasi kinachokaribia asilimia 5 ya thamani ya uwekezaji wao. Kila shirika hujaza taarifa ya kodi iitwayo Fomu 990-PF, na taarifa hiyo ni ya wazi kwa mtu yeyote duniani. Ndani yake kuna orodha ya kila aliyepewa ruzuku mwaka ule, mahali alipo, kiasi alichopewa na kusudi la fedha. Huduma hii huzisoma fomu hizo na kuzipanga, kiasi kwamba ukifungua jina la mfadhili unaweza kuona alichokitoa kwa miaka kadhaa, mwaka mmoja baada ya mwingine. Maneno matamu ya ukurasa wa mbele wa mfadhili kuhusu watoto, sanaa na dunia nzima huweza kumpa mtu matumaini yasiyo na msingi, lakini orodha ya waliopewa haina utamu. Inaonyesha kwamba mfuko fulani unaojinadi kusaidia muziki ulimwenguni ulitoa fedha zake zote kwa okestra za mji wake, mwaka hadi mwaka.

Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, alikuwa akiuliza swali lilelile kila nilipomletea jina jipya: "Katibu, huyu amewahi kumpa nani aliye kama sisi?" Nilipojifunza kuzisoma fomu hizo niliweza kumjibu kwa karatasi mkononi, na mara nyingi jibu lilitosha kufunga mjadala. Pale tulipoona kwamba mfadhili aliwahi kutoa fedha kwa kikundi cha muziki cha Kenya, Uganda au Zanzibar, jina hilo tuliliweka kando na kulichunguza zaidi, hata kama kiasi kilikuwa kidogo. Tahadhari ni kwamba fomu hizi huchelewa. Mwaka wa hesabu lazima uishe, fomu ijazwe, kisha ichapishwe, kwa hiyo unachokisoma leo ni habari ya mwaka mmoja au miwili iliyopita, na mfadhili huenda amebadili mwelekeo.

Haki inanitaka niseme pia kwamba fomu hizohizo zinapatikana bure. Nonprofit Explorer ya ProPublica, chombo cha habari cha Marekani kisichogawana faida, huziweka wazi bila kutoza ada, na Candid, shirika lililozaliwa mwaka 2019 kwa kuungana kwa Foundation Center na GuideStar, ndilo lenye hazina kubwa inayojulikana ya taarifa za namna hii, nyingine za bure na nyingine za kulipia. Unachokilipia katika huduma kama hii ninayoitathmini ni upangaji wa taarifa, na upangaji huo una thamani kwa mtu anayenunua bando kwa gigabaiti, kwa sababu kufungua fomu nzima ya kurasa mia moja ili kutafuta neno Tanzania kunamaliza bando na subira.

Kuna jambo ambalo huduma haisemi waziwazi na linapaswa kuwa ukurasa wa kwanza kwa kila asasi ya nje ya Marekani. Shirika binafsi la Marekani likitaka kutupa fedha moja kwa moja, sheria ya kodi ya nchi yake hulitaka lichague njia moja kati ya mbili: lithibitishe kwa maoni ya mtaalamu kwamba asasi yetu inalingana na asasi ya hisani ya Marekani, au libebe jukumu la kufuatilia matumizi yote ya fedha hizo na kuyatolea ripoti kwa mamlaka ya kodi. Njia zote mbili zina gharama na karatasi nyingi. Shirika dogo linalotoa ruzuku za dola elfu chache halitaona maana ya kujitwisha mzigo huo, hata kama limeipenda kazi yetu kwa dhati. Ndiyo maana fedha nyingi za mashirika madogo hupitia kwa wakala wa kati, kama vile GlobalGiving au CAF America, au kwa asasi rafiki iliyosajiliwa Marekani inayokubali kuwa mdhamini wa kifedha na kukata kiasi kidogo cha gharama za uendeshaji. Katika huduma, alama inayoonyesha kama mfadhili anapokea maombi kutoka kwa asasi za nje haikuwa ya kuaminika. Majina kadhaa yaliyowekwa alama ya ndiyo, nilipoyafuatilia katika kurasa zao wenyewe, yalikuwa yakimaanisha asasi za Marekani zinazofanya kazi nje ya nchi.

Kuhusu wafadhili wa nyumbani huduma imepwaya sana. Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa mwaka 2002 na yenye makao Dar es Salaam, imo, lakini maelezo yake ni mafupi mno kwa taasisi ambayo asasi nyingi za mikoani zimeijua kwa muda mrefu kama mtoaji wa ruzuku. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania umeorodheshwa pamoja na watoa ruzuku, ilhali kazi yake inayojulikana zaidi kwa wasanii wa leo ni mikopo nafuu inayopitia benki. Tofauti hiyo ni kubwa kwa kikundi kama chetu. Mwanamuziki anayeuza tamasha au nyimbo anaweza kukopa na kurejesha, lakini darasa la watoto lisilotoza ada halina marejesho ya kuahidi. Ndivyo ilivyo pia kwa mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana wanaotengeneza ngoma na marimba za kuuza pale mjini wanaweza kuiomba kwa ajili ya karakana yao, na ningewahimiza waiombe, ila kuichanganya na ruzuku ni kumtia mtu deni asilolitarajia.

Pengo kubwa kuliko yote ni la UNESCO. Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Utamaduni, ulio chini ya Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2005 wa kulinda uanuwai wa kazi za utamaduni, hutoa hadi dola 100,000 kwa mradi wa miezi 12 hadi 24, na Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2011. Maelezo ya huduma yanautaja mfuko kwa mistari miwili na hayasemi kwamba unalenga kujenga mifumo ya sekta, kama sera, mafunzo ya kitaalamu na masoko ya kazi za sanaa, wala hayasemi kwamba tume za taifa za UNESCO zina nafasi katika kuchuja maombi kabla hayajafika Paris. Kikundi cha watoto peke yake hakiwezi kubeba ombi la aina hiyo. Muungano wa vikundi vya Bagamoyo, pamoja na chuo na halmashauri, ungeweza, na ningependa kuona siku moja mtu mwenye uwezo wa kuwakutanisha wote hao akilifanya. Vituo vya utamaduni vya kigeni vilivyoko Dar es Salaam, kama Goethe-Institut na Alliance Française, havimo kabisa katika huduma, labda kwa sababu msaada wao mara nyingi huwa wa ushirikiano: ukumbi, mwalimu mgeni, usafiri wa wasanii. Kwetu misaada hiyo ina uzito sawa na fedha taslimu.

Huduma ina pia ukurasa wa kupima utayari wa asasi, wenye maswali ya kujibu ndiyo au hapana na alama mwishoni. Umetungwa kwa sheria za Marekani. Msomaji wa Tanzania auache na ajiulize maswali ya kwetu. Je, kikundi kimesajiliwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, kama kikundi cha sanaa, au kimesajiliwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, kama shirika? Usajili wa kwanza unaruhusu kufanya kazi za sanaa, ila wafadhili wengi wa nje wanapouliza cheti huwa wanakusudia cha pili. Je, ripoti ya mwaka na ada ya mwaka zimepelekwa kwa Msajili kwa wakati? Je, kuna hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi anayetambulika? Je, viongozi wanajua kwamba kanuni za mwaka 2018 zinalitaka shirika litangaze wazi fedha linazopokea zikizidi shilingi milioni 20? Je, wanajua kwamba cheti cha shirika lisilo la kiserikali hakileti msamaha wa kodi chenyewe, na kwamba hadhi ya shirika la hisani huombwa Mamlaka ya Mapato kwa utaratibu wake? Kikundi kilichopewa ala za muziki na rafiki wa nje bila kulijua hili huweza kukuta bandarini kodi ambayo hakikuitarajia. Afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri hujibu mengi kati ya maswali haya bila malipo, na kwa Kiswahili.

Katika kifurushi cha bei ya juu huduma inakupa pia mashine ya kuandika andiko. Unajaza jina la mradi, idadi ya wanufaika na bajeti, nayo hukutolea kurasa kadhaa za Kiingereza safi. Kiingereza chake sikuona cha kukilaumu. Andiko lenyewe lilizungumzia watoto walio hatarini, uwezeshaji na mabadiliko chanya, na halikuwa na hata sentensi moja ambayo isingeweza kuandikwa kuhusu darasa la ushonaji au la kompyuta. Zeze halikutajwa, marimba yaligeuzwa kuwa ala za asili kwa jumla, na Bagamoyo ikawa jamii ya pembezoni isiyo na fursa za sanaa. Bagamoyo ndiko Hukwe Zawose, Mgogo aliyeisikilizisha dunia ala za ilimba na zeze, alikoishi, alikofundisha na alikofia mwaka 2003. Ndiko tamasha la kimataifa la sanaa na utamaduni limekuwa likifanyika tangu miaka ya 1980. Mfadhili anayeujua muziki wa Afrika akisoma kwamba huku hakuna sanaa atajua mara moja kwamba mwandishi hayuko Bagamoyo. Andiko la muziki lina nguvu linapoeleza muziki: mtoto anaanza na ala gani, anachukua muda gani kushika mdundo, mwalimu mmoja anaweza kusimamia watoto wangapi kabla sauti hazijavurugika, na kwa nini ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevu wa bahari na kuhitaji kuwambwa upya. Hayo ndiyo yanayoitetea bajeti, na kuyaandika ni kazi ya mwalimu mwenyewe akiwa na katibu wake.

Pamoja na mashine, huduma ina orodha ya washauri wa kuandika maandiko, na baadhi yao hutaka walipwe asilimia ya fedha zitakazopatikana. Hapa mjini nako wapo wanaofanya hivyo. Pendekezo hilo linavutia kwa sababu kikundi maskini hakitoi kitu mwanzoni. Lisikubaliwe. Vyama vya wataalamu wa kazi hii Marekani, ikiwemo Association of Fundraising Professionals na Grant Professionals Association, vimekataza malipo ya asilimia katika kanuni zao za maadili, na sababu ni nzito: mfadhili hutoa fedha kwa matumizi yaliyoandikwa kwenye bajeti, na sehemu ya mshauri haimo humo, kwa hiyo italazimika kuchomolewa kutoka posho za walimu au bei ya ala na kufichwa katika stakabadhi. Mshauri alipwe kwa kazi na kwa siku, kwa kiwango kilichokubaliwa, na alipwe hata ombi likikataliwa.

Kitu ambacho ningekitafuta katika kila ukurasa wa mfadhili, na ambacho huduma haikionyeshi kabisa, ni kama ruzuku inaweza kurudiwa na kama inalipa ujira. Wafadhili wengi wa muziki hupenda kununua ala, kwa kuwa ala inapigwa picha na kuhesabika, na wengi huweka masharti kwamba fedha isilipie mishahara, pango wala umeme. Darasa la muziki kwa asili yake ni mwalimu. Gitaa kumi bila mwalimu hubaki ukutani mpaka nyuzi zishike kutu, na kwa upepo wa chumvi wa pwani yetu hilo halichukui muda. Zanzibar imetupa mafunzo mawili kuhusu udhaifu wa kutegemea wafadhili wachache. Sauti za Busara, tamasha linalofahamika Afrika nzima tangu mwaka 2004, lilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002 na kilichotoa wanamuziki wa taarabu na wa ala za kila aina, kilitangaza mwaka 2019 kwamba kilikuwa hatarini kufungwa baada ya ufadhili kukatika. Taasisi zenye jina kubwa namna hiyo, zenye mahesabu safi na marafiki duniani, zilifika hapo. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza muda wa ruzuku na uwezekano wa kuongezwa, ndipo niulize kiasi, na ningemlipa kwa furaha mtu ambaye angeniwekea majibu hayo mawili mahali pamoja.

Mambo ya matumizi ya kila siku nitayapitia kwa ufupi. Lugha ni Kiingereza pekee. Malipo ni kwa kadi, na kadi ya mtandaoni inayofunguliwa katika akaunti ya fedha ya simu inakubalika. Ukurasa hufunguka vizuri kwenye simu isipokuwa sehemu ya utafutaji wa kina, ambayo inahitaji kompyuta. Barua pepe za kukumbusha tarehe za mwisho ni sahihi, ila saa zinazoandikwa ni za Marekani, na saa ya mwisho ya huko, kwetu huwa tayari ni siku inayofuata, hivyo mtu asihofu akidhani amechelewa kabla hajahesabu saa. Nilipowaandikia kuhusu mkanganyiko wa kichujio cha eneo nilijibiwa kwa heshima, ingawa kichujio kimebaki vilevile.

Wenye huduma wakitaka iwafae watu wa huku, nawaomba waonyeshe kichujio cha mahali fedha zinapotumika katika ukurasa wa kwanza, watenganishe mikopo na ruzuku, waandike majina ya nchi zinazostahili badala ya neno Afrika, na waongeze bei ya chini kwa asasi za nchi zenye kipato kidogo, kwa kuwa ada ya mwaka kwa sasa inalingana na posho ya mwalimu wetu mmoja kwa miezi kadhaa. Kwa katibu mwenzangu wa Pangani, Tanga au Kilwa anayefikiria kujiunga, ushauri wangu ni alipie mwezi mmoja tu, na auchague baada ya cheti, katiba, hesabu na maelezo ya darasa kuwa tayari. Katika mwezi huo ajaze kichujio cha pili, apakue kurasa za wafadhili wote waliowahi kutoa fedha Afrika Mashariki, achape zile fomu za waliopewa, kisha asitishe malipo ya kujirudia kabla mwezi haujaisha, kwa sababu ada hukatwa yenyewe kwenye kadi bila kukuuliza tena.